Urefu wa pua

Katika familia yetu kuna mbwa aliyeokoa watu sita, na mimi peke yangu ndiye ninayebisha. Kila tunapokusanyika, iwe harusi au matanga, hakosekani mtu wa kuianzisha: kwamba tarehe 17 Januari 2002, siku Nyiragongo, mlima wa moto ulio juu ya mji wetu wa Goma, ilipopasuka, mbwa wa Koko, babu yetu, alibweka tangu alfajiri, akamng'ata Koko suruali akimvuta kuelekea barabarani, ndipo Koko akaja mbio kututoa mjini kabla moto haujatufikia. Mjomba huongeza kwamba mbuzi nao waligoma kula. Mama mdogo, ambaye siku hiyo alikuwa Bukavu, huongeza kuku.

Mimi nilikuwa na miaka 11. Jioni ile tulipofika kwa Koko, tumejaa vumbi na harufu ya moshi, mbwa alikuwa amelala chini ya chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Alifungua jicho moja, akatutazama, akalifunga.

Sina ugomvi na mbwa yule. Alikuwa mbwa mwema, na siku hiyo alikuwa mzee, masikio yamekwisha kazi. Kinachonikera ni kwamba Koko mwenyewe asingeikubali hadithi hii hata nusu. Alikuwa mtu aliyependa wanyama kuliko yeyote niliyewahi kumwona, na kwa sababu hiyo hiyo hakupenda wasingiziwe mambo.

(Wasomaji wa ng'ambo ya ziwa wanivumilie: kwetu Goma babu tunamwita Koko, na bibi vilevile Koko. Huyu alikuwa baba yake Mama.)

Hakujua tarehe aliyozaliwa. Kadi yake ilikuwa na mwaka, lakini alisema huo ulikuwa mwaka wa karani, siyo wake. Ukimuuliza alikujibu, "Mi na parki tuko rika moja," maana parki ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ilianzishwa mwaka 1925, na mama yake alimsimulia kwamba alikuwa bado ananyonya habari hiyo ilipofika kijijini. Ujana wake wote uliishia Masisi, kwenye shamba la ng'ombe la Mzungu mmoja, akikamua na kuchunga. Maziwa yalitengenezwa fromaji, yaani jibini, zile za duara ambazo mpaka leo zinashuka mjini kutoka milimani. Koko hakuzila. Alisema maziwa yaliyokaa miezi mingi hayawezi tena kukumbuka ng'ombe wake.

Na ng'ombe wake aliwajua wote, kila mmoja kwa jina. Alizungumza nao Kihunde. Na mbuzi alizungumza Kiswahili, na mbwa Kifaransa. Kifaransa chake chote kilikuwa maneno matatu, kushe, asi na vyensi (lala, kaa, njoo), na aliamini kabisa kwamba mbwa hazaliwi na lugha nyingine.

Usifikiri alikuwa mtu wa kubembeleza. Mbuzi wa Noeli alimchinja kwa mkono wake mwenyewe, baada ya kumlambisha chumvi, na nyama aliila vizuri tu. Mnyama hakuingia ndani ya nyumba, isipokuwa simbiliki, wale wanyama wadogo kama panya wasio na mkia, maana simbiliki kwetu makao yao ni jikoni, chini ya kitanda cha kuni, wakipigiana mluzi kila mtu anapoingia na majani. Lakini mbuzi akikohoa usiku, Koko aliamka. Mtoto akikohoa, alimwamsha Mama.

Mwaka 1993 vita vilipowaka Masisi, aliteremka Goma na watu wengine. Aliondoka na ng'ombe wanne, akafika Keshero, mtaa wa magharibi mwa mji, na kamba nne. Ng'ombe walikwendaje, alieleza nusunusu: wawili waliuzwa Sake kwa bei ya aibu, mmoja alibaki kwenye kizuizi cha watu wenye silaha. Wa nne hakusema. Zile kamba aliziunganisha kwa mafundo matatu, zikawa kamba moja ndefu ajabu, na kamba hiyo ndiyo ikawa ya mbuzi. Mbuzi mmoja na kamba ya ng'ombe wanne! Majirani walicheka. Ilizunguka mawe, ilikwama kwenye migomba, ilimwangusha Mama na bidoni la maji kichwani. Akiambiwa aikate, alinyamaza. Sisi tulidhani tunajua sababu: mzee ameshindwa kuagana na ng'ombe wake.

Keshero wakati huo ilikuwa mawe zaidi kuliko nyumba. Anayejua Goma anajua mawe yetu: meusi, makali, ya moto wa zamani, yanayokula sandali kwa miezi miwili. Koko alijijengea nyumba ya mbao juu yake, akaweka manjanja, yaani mabati, akazungushia parseli, kiwanja chake, ukuta wa mawe, akaanza upya na kuku watatu. Asubuhi wavuvi walipoleta sambaza alikwenda ufukweni, akarudi na matumbo yao kwenye kopo, akawarushia mwewe hewani. Mwewe walimzoea hata wakawa wanamsubiri juu ya manjanja. Mama alipolalamika kwamba mwewe hao hao ndio wanaoiba vifaranga, alijibu kwamba mwewe aliyeshiba haibi. (Si kweli. Waliiba.) Alipenda pia kutukumbusha kwamba sambaza ni mgeni Kivu, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye alikumbuka ziwa lisilokuwa nao. "Ata ile samaki ni ya kuja," alisema, na nadhani ilimfariji.

Mbwa alikuja mwaka uliofuata. Julai 1994, ndani ya siku chache, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kutoka Rwanda, na kambi kubwa ikasimama Mugunga, mbele kidogo ya kwetu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Ninayoyajua ni ya Mama. Kipindupindu. Watu wamelazwa kando ya barabara, na mawe ni magumu mno kuchimbika makaburi. Koko alimkuta mbwa amekaa pembeni ya barabara na kamba shingoni, na upande wa pili wa kamba hakuna mkono. Alikaa naye pale hadi jioni, labda mwenyewe angerudi. Kesho yake akarudi naye mahali palepale, wakakaa tena. Siku ya tatu akampa jina: Kapita. Kwa nini Kapita? Kwa sababu makapita, wasimamizi wa kazi, wote aliowafahamu shambani walikuwa hivyo, wanatangulia njiani na hawabebi kitu.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu, kwa maana Koko alikuwa na ushahidi.

Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ilipasuka ubavuni, na ziwa la moto lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Moto ule ulikuwa mwepesi kama maji, ulishuka mlima kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kukimbia. Katika msitu ulilikuta kundi la tembo. Lava iliwazunguka, ikapoa, wao wakaungua ndani yake, na yakabaki matundu kwenye mawe yenye umbo lao. Koko alikwenda kuyaona, alipanda gari la maziwa na wenzake wa shamba, wakamalizia kwa miguu. Alituambia, "Nilisimama mu tumbo ya tembo." Tulimwomba atusimulie tena na tena, naye alisimulia kwa namna ileile, bila kuongeza chumvi: tundu lilikuwa refu kiasi gani, mguu wa mbele ulikuwa umeelekea wapi, na kwamba lilikuwemo jingine dogo karibu na lile kubwa.

Basi mtu akisema mbele yake kwamba wanyama hujua mapema, alimgeukia polepole. "Kama banyama banajuaka mbele, ile tembo ilikuwa inafanya nini mu majiwe?"

Halafu alimalizia na maneno ambayo sisi watoto tuliyakariri bila kuyaelewa: "Mbwa haiko nabii. Iko na pua chini, ni ile tu."

Ili kuelewa hayo lazima nikueleze mazuku. Upande wetu wa magharibi mwa Goma, kutoka Himbi na Keshero hadi Mugunga na kuelekea Sake, ardhi inapumua. Kwenye nyufa za mawe ya zamani hutoka gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu hivi. Haina rangi wala harufu. Kwa uzito wake haipandi. Inatambaa chini na kujaa kwenye mabonde na mashimo kama maji kwenye beseni. Upepo ukivuma na jua likipanda, hutawanyika. Alfajiri, hewa ikiwa imetulia, ndipo beseni limejaa. Aingiaye hapo analegea miguu, analala, haamki. Watu wa zamani waliita upepo mbaya, wengine walisema ni roho za waliokufa. Koko hakuwa na jambo na roho. Alikuwa na fimbo.

Ilikuwa fimbo ya mkalitusi, ndefu kunizidi. Nchani alifunga kitambaa chenye mafuta ya taa, akakiwasha, akasimama ukingoni mwa shimo na kuishusha taratibu. Moto unawaka, unawaka, halafu ghafla unazimika, kama mtu ameuzamisha majini. Pale ulipozimikia ndipo mazuku inapoanzia. Akaitoa fimbo, akaisimamisha chini na kupima: leo iko kwenye goti, leo iko kiunoni. Alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kufungua mbuzi, kama wengine wanavyosali.

Na fimbo ile ilikuwa na alama alizochonga kwa kisu. Ya chini kabisa ya kuku. Juu yake ya mbwa, aliyoipata kwa kumsimamisha Kapita kwa Kifaransa. Juu yake ya mbuzi. Kisha sisi. Kila Bonane, siku ya Mwaka Mpya, tukiwa tumevaa nguo mpya, alitupanga mmoja mmoja kwenye fimbo na kuweka kidole gumba chini ya pua, akachonga. Marafiki zangu wa shule walipimwa urefu kwa kichwa, kwenye mlango, kwa kalamu. Sisi kwa pua. Niliona aibu, nikamuuliza siku moja kwa nini asitupime kama watu. Akasema kichwa hakipumui.

Jambo lililomtisha zaidi lilikuwa mpira. Mtoto wa miaka 10 anayepita wima kwenye shimo anaweza kutoka. Akiinama kuokota mpira, pua yake imeshuka hadi alama ya chini. "Ukiinama, uko kuku," alituambia, tukacheka hadi tukalia, tukawa tunaambiana shuleni: we, uko kuku! Sikufikiri hata mara moja kwamba ni mafundisho. Nilipofika chuo kikuu, mwalimu alichora ubaoni mchoro wa gesi nzito iliyotulia bondeni, na mistari ya kuonyesha viwango vyake. Nikajikuta ninaangalia fimbo ya Koko. Ilikosa namba tu.

Kwa hiyo hakuwaona wanyama kama watabiri. Aliwaona kama waliotangulia: yatakayokupata wewe yanampata kwanza mwenye pua ya chini. Ukikuta mjusi amekufa, na ndege mdogo amekufa hatua mbili mbele, usipige magoti kuwasikitikia. Simama wima, geuka, ondoka. Ndiyo maana alitazama chini muda wote, na ndiyo maana watu walidhani ni mzee mwenye huzuni.

Sasa siku yenyewe, Januari 17. Tulikaa katikati ya mji, si mbali na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Baba alikuwa safarini Butembo. Asubuhi nyufa zilifunguka kwenye ubavu wa kusini wa mlima, na mchana mji mzima ukawa barabarani, wengine wakikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, wengine Sake. Lava ilipita uwanja wa ndege, ikaingia katikati ya mji. Koko alipata habari kwa watu waliokuwa wanapita Keshero na magodoro. Alitembea kuja mjini kwa miguu, peke yake, akipishana na umati wote uliokuwa unatoka. Mbwa alimwacha nyumbani.

Alitukuta uani. Mama alikuwa na godoro kichwani na mdogo wangu mgongoni, sisi wengine watatu tumebeba masufuria, binamu yetu ana redio. Mbingu upande wa uwanja wa ndege ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuieleza. Koko hakutusalimia. Alipitiliza hadi parseli ya jirani, ambao walikuwa wameshavuka mpaka na kuacha mbuzi watatu wamefungwa kwenye mti. Akachuchumaa, akaanza kufungua mafundo.

Mafundo ya kamba iliyonyeshewa mvua hayafunguki upesi. Kisu hakuwa nacho. Mama alimpigia kelele: "Papa! Unaacha batoto, unafungula mbuzi ya batu?"

Alijibu bila kugeuka. "Batoto bako na miguu. Mbuzi iko na kamba."

Dakika 10, labda zaidi. Mama anasema nusu saa. Alimfungua wa kwanza, wa pili, wa tatu, akawapiga kofi mgongoni waende. Na hapa ndipo familia hunikasirikia, kwa sababu mimi niliona walikoelekea. Wale mbuzi walikimbia kaskazini, kwa mlima, kule kule moto ulikokuwa unatoka.

Koko naye aliona. Alisimama akawatazama mpaka wakapotea kwenye moshi, akafuta mikono kwenye suruali, akampokea Mama godoro. Tukaondoka. Nyumba yetu iliondoka usiku ule, na kanisa kuu pia, na lava ikaendelea hadi ziwani.

Mama hakumsamehe kwa miaka mingi. Tulihamia Keshero kwake, tukala chakula chake, na bado kila walipokosana kidogo, hata kwa ajili ya chumvi, ilirudi: siku ile ulitazama mbuzi kwanza. Naye hakujitetea. Mimi mwenyewe, mpaka leo nikiwa na mtoto wangu, sijui niko upande gani. Nikiwa na usingizi mzuri namwelewa Koko. Nikikumbuka joto lile usoni, niko na Mama. Nadhani hadithi ya mbwa aliyebweka ilizaliwa hapo, ili tuwe na mnyama mmoja aliyetulipa zile dakika 10.

Kiangazi cha mwaka uleule wa 2002 nilimuua Posho. Posho alikuwa mbuzi wa kike, mweusi, mjanja, mwenye tabia ya kula sabuni. Ilikuwa zamu yangu kumtoa asubuhi. Koko alikuwa ameshuka ufukweni, sikusubiri fimbo. Nilimpeleka nyuma ya parseli ambako majani yalibaki mabichi, kwenye ukingo wa shimo, nikakaa juu ya jiwe na ile kamba ndefu mkononi, nikifikiria mambo yangu. Posho alishuka kufuata majani. Hakulia. Alipiga magoti ya mbele, kama anataka kunywa maji, kisha akalala upande.

Nilishuka hatua moja. Nakumbuka moyo ulianza kwenda mbio na kichwa kikawa kizito, kama mtu aliyepanda mlima wakati mimi nilikuwa nimeshuka tu. Alikuwa mbali kiasi cha kitanda kimoja. Ningeinama ningemshika pembe. Na katika kuinama ndipo lile neno la kuchekesha lilinijia, uko kuku, kwa sauti za watoto wa shule, siyo kwa sauti ya Koko. Nikarudi juu kinyumenyume na kuanza kuvuta kamba.

Hapo nikaelewa urefu wake. Mbuzi mwenye kamba fupi, lazima umfuate alipo. Mwenye kamba ndefu, unamvuta ukiwa juu. Mzee alikuwa ameifikiria siku hii tangu 1993, na sisi tulikuwa tunamwonea huruma ya ng'ombe.

Lakini fundo la kwanza likakwama kwenye jiwe. Nikalikwamua, nikavuta, la pili likakwama. Mawe ya Goma ni kama meno. Posho alipofika juu alikuwa amekwisha, macho wazi.

Nilisubiri kipigo. Koko aliporudi hakuuliza habari ya mbuzi. Aliuliza, "Ulisimama wapi?" Nikamwonyesha jiwe. Alileta fimbo, akawasha kitambaa, akaishusha pale nilipokuwa nimeweka mguu. Moto ulizimika juu kidogo ya alama ya mbuzi. Ya kwangu ilikuwa juu yake, vidole vitatu, labda vinne. Alikaa chini. Mikono ilikuwa inamtetemeka, akaifumbata kwapani kama mtu mwenye baridi, na tukakaa hivyo hadi jua likapanda na upepo wa ziwa ukaanza.

Jumamosi alikwenda soko la Virunga, akanunua kamba mpya, ndefu, nzima, isiyo na fundo hata moja. Zile nne alizifungua, akazitundika jikoni juu ya moshi, kila moja kwenye msumari wake. Sikumsikia tena akiwataja ng'ombe.

Kapita alikufa kwa uzee, akiwa chini ya chukudu ileile. Koko alifariki mwaka 2009, kitandani, kwa kifua, na asubuhi ya mazishi mwewe walikuwa juu ya manjanja wanasubiri sambaza. Mama ndiye aliyewarushia matumbo. Hatukusema kitu.

Fimbo iko kwa Mjomba, Keshero. Anaitumia kuinulia kamba ya kuanikia nguo. Binti yangu alipofika miaka 4 niliiomba, shemeji yake Mjomba akanung'unika kwa sababu ya mashuka, nikamsimamisha mtoto pale na kuweka kidole gumba chini ya pua. Ilikuwa imelingana na mbuzi.

Nyiragongo ilipasuka tena Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021. Safari hii lava ilikomea Buhene, kwenye ukingo wa mji, lakini ardhi ilitetemeka wiki nzima, kuta zikapasuka, watoto wakalala na viatu. Alfajiri ya tarehe 27 ilitoka amri: kartie 10, yaani mitaa 10, ziondoke mara moja, kwa sababu moto ulisemekana uko chini ya mji na chini ya ziwa, na ziwa letu lina gesi yake tumboni. Sisi tulikuwa Mabanga. Tuliondoka kwa miguu kuelekea Sake, kama kila mtu. Mimi nina godoro kichwani. Binti yangu nilitaka kumpandisha mabegani tutakapofika Mugunga, kwenye mabonde. Mpaka hapo ilibidi atembee. Mama, ambaye sasa magoti yanamsumbua, alibeba kuku wawili na mfuko wa unga.

Mtaa wa pili tu, Mama akasimama. Ndani ya parseli moja, mlango wazi, wenyewe wamekwenda, kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya choo. Mama aliniwekea kuku miguuni, akaingia, akachuchumaa kwa shida, mkono mmoja kwenye ukuta.

"Mama, twende!" nilisema. Ardhi ilitikisika kidogo, watu wakapiga kelele barabarani. "Mama! Mutoto iko huku!"

Hakugeuka. Alikuwa anapambana na fundo kwa kucha, kisha kwa meno, na nilimsikia ananung'unika kwa hasira, siyo kwangu.

"Nani anafungaka mbuzi na kamba fupi hivi?"